Kiharusi: Gharama nzito huanza bili ya hospitali ikishalipwa

KIHARUSI hakibishi hodi. Mtu hulala akiwa buheri wa afya, akaamka upande mmoja wa mwili umekufa ganzi. Mwingine huwa mezani akila, mara kijiko kinamponyoka na maneno yanaanza kumtoka bila mpangilio. Kabla ya saa moja kupita, jamaa zake huwa wamefika hospitalini na wanaulizwa swali ambalo aghalabu hawakujiandaa kulijibu: Mgonjwa ana bima gani?

Jibu la swali hilo ni refu kuliko kadi inayotolewa mfukoni. Bima nyingi za afya nchini, iwe ya umma au ya kampuni za kibinafsi, zimeundwa hasa kumlipia mgonjwa aliyelazwa. Kiharusi nacho ni maradhi ambayo sehemu kubwa ya tiba yake hufanyika baada ya mgonjwa kuondoka wodini. Kujifunza upya kutembea, kuzungumza, kumeza na kujivalisha nguo ni kazi ya miezi, na wakati mwingine ya miaka.

Ndiyo maana familia nyingi hushusha pumzi bili ya hospitali inapolipwa, kisha miezi michache baadaye zikalazimika kuitisha harambee. Si kwamba hazikuwa na bima. Bima ilifika mwisho wake nao ugonjwa haujafika mwisho wake, na hakuna aliyewaambia mapema.

Yafuatayo ni maelezo ya mambo ambayo familia inapaswa kuyajua katika kila hatua ya safari hiyo, pamoja na maswali ya kuuliza kabla mlango haujafungwa.

Saa za kwanza: matibabu kwanza, malipo baadaye

Kiharusi ni cha aina mbili kuu. Katika aina ya kwanza, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi, donge la damu huziba mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo. Katika aina ya pili, mshipa hupasuka na damu ikavuja ndani ya ubongo. Dalili zaweza kufanana kabisa, lakini tiba ni tofauti mno. Dawa inayoyeyusha donge la damu inaweza kumwangamiza mgonjwa ambaye mshipa wake umepasuka. Kwa sababu hiyo, daktari hawezi kuitoa kabla ya kupiga picha ya ubongo kwa mashine ya CT.

Dawa hiyo ya kuyeyusha donge hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zilipoanza. Kwa hivyo, saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho ni habari muhimu kuliko zote, na anayempeleka hospitalini anafaa kuishika. Muhimu vilevile ni kumpeleka moja kwa moja kwenye hospitali iliyo na mashine ya CT inayofanya kazi, badala ya kuanzia kwa zahanati ya jirani ambako saa mbili zitapotea bure.

Katika saa hizi, sheria iko upande wa mgonjwa. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza makali: hospitali yenye uwezo wa kutoa matibabu hayo ikikataa kuyatoa, inatenda kosa na inaweza kutozwa faini ya hadi Sh3 milioni. Matibabu ya dharura, kwa mujibu wa sheria hiyo, yanajumuisha kumtuliza mgonjwa hali na kupanga uhamisho wake iwapo hospitali haina vifaa vya kumhudumia.

Hii haimaanishi kwamba matibabu hayo ni ya bure. Maana yake ni kwamba mazungumzo kuhusu amana na kadi hayapaswi kutangulia mkono wa daktari. Jamaa mmoja ashughulikie karatasi mapokezini, na mwingine asibanduke upande wa mgonjwa.

Wenye bima ya kibinafsi wana wajibu mmoja wa haraka. Kwa kawaida, mikataba hutaka kampuni itoe idhini kabla ya mgonjwa kulazwa. Dharura huondolewa katika sharti hilo, lakini kampuni nayo hutaka kuarifiwa ndani ya muda maalumu, aghalabu saa 24 au 48. Simu hiyo ipigwe siku hiyo hiyo, na jina la aliyeipokea pamoja na saa yaandikwe. Familia ambayo haikupiga simu huipa kampuni sababu rahisi ya kukataa kulipa.

Bima ya umma: SHA inalipia nini

Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ndiyo inayosimamia bima ya afya ya umma, baada ya kuchukua nafasi ya Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Matibabu (NHIF) iliyoanzishwa 1966. Mabadiliko hayo yalitokana na Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023.

SHA ina hazina tatu, na mgonjwa wa kiharusi anaweza kuzihitaji zote. Ya kwanza ni ya huduma za msingi, inayogharimiwa na serikali, na hulipia matibabu katika zahanati na vituo vya afya kwa watu waliosajiliwa. Ya pili ni Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii (SHIF), inayotokana na michango ya wanachama, na ndiyo inayolipia huduma za hospitali kuanzia kiwango cha nne hadi cha sita. Ya tatu ni ya huduma za dharura na maradhi sugu na mahututi, ambayo hukusudiwa kumsaidia mgonjwa wakati wa dharura au anapokuwa amemaliza kiwango chake katika SHIF.

Mfanyakazi mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kabla ya makato mengine. Anayelipwa Sh20,000 kwa mwezi hukatwa Sh550, wa Sh40,000 hukatwa Sh1,100, na wa Sh100,000 hukatwa Sh2,750. Kiwango cha chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi. Asiye na mshahara hukadiriwa uwezo wa kaya yake, kisha hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Kwa wanaolemewa na mkupuo huo, serikali ilianzisha mpango uitwao Lipa SHA Pole Pole, unaomwezesha mtu kukopeshwa ada ya mwaka na kuirejesha kwa awamu.

Hapa kuna mitego mitatu ambayo familia za wagonjwa wa kiharusi hunaswa nayo.

Mtego wa kwanza ni wazazi. Mwanachama wa SHA humsajili mume au mke wake pamoja na watoto. Baba na mama hawamo. Kijana aliyeajiriwa jijini Nairobi, anayekatwa mchango kila mwezi, huenda akadhani kwamba mama yake aliye Kakamega au Kitui amekingwa na makato hayo. Mama hana kinga yoyote ya hospitali mpaka asajiliwe kwa jina lake mwenyewe na mchango wake ulipwe. Kwa kuwa kiharusi huwapata zaidi watu wa umri mkubwa, hili ndilo jambo la kwanza ambalo mtu mwenye wazazi walio hai anapaswa kulishughulikia wangali wazima.

Mtego wa pili ni kusajiliwa bila kulipa. Usajili pekee humfungulia mwananchi mlango wa zahanati na kituo cha afya. Haumlipii kitanda katika hospitali ya kaunti wala ya rufaa. Wengi hugundua tofauti hiyo wakiwa dirishani mwa malipo.

Mtego wa tatu ni mwajiri anayekata pesa bila kuziwasilisha. Sheria inamtaka mwajiri awasilishe michango kufikia tarehe tisa ya mwezi unaofuata. Akichelewa, jina la mfanyakazi huweza kuonekana kuwa halina malipo japo hati yake ya mshahara inaonyesha makato. Kupiga *147# kwenye simu humwezesha mwanachama kukagua hali yake mapema. Nakala za hati za mshahara za miezi ya karibuni zihifadhiwe nyumbani mahali ambapo mtu mwingine katika familia anaweza kuzifikia.

Jambo jingine la kufahamu ni kwamba SHA hulipa kwa viwango vilivyochapishwa. Kila huduma ina bei yake, na kila kiwango cha hospitali kina malipo yake ya kitanda kwa siku. Hospitali ya umma hutoza karibu na viwango hivyo. Hospitali ya kibinafsi inaweza kutoza mara kadhaa zaidi, na tofauti yote humwangukia mgonjwa. Kwa hivyo, swali la kuuliza mapokezini lisiwe “Mnapokea SHA?” kwa kuwa jibu litakuwa ndiyo. Swali liwe: “SHA italipa kiasi gani kwa siku, na sisi tutabaki na kiasi gani?”

Bima ya kibinafsi: vikomo ndani ya vikomo

Kadi ya kampuni ya bima huweza kuonyesha kwamba mgonjwa ana kinga ya Sh2 milioni. Takwimu hiyo huliwaza jicho, lakini ndani yake mna visanduku vidogo vidogo.

Kisanduku cha kwanza ni tofauti baina ya mgonjwa aliyelazwa na mgonjwa wa nje. Kiasi kikubwa kinachotajwa kwenye kadi aghalabu ni cha kulazwa. Cha wagonjwa wa nje huwa kidogo zaidi, na ndicho kinacholipia miadi ya kliniki, dawa za kila mwezi na mara nyingi tiba ya viungo.

Kisanduku cha pili ni maradhi sugu na yale yaliyokuwapo kabla ya bima kuanza. Mikataba mingi huyawekea maradhi hayo kikomo chake, na mingine huweka kipindi cha kungojea ambacho huweza kufika mwaka mmoja. Hapa ndipo mizozo mingi ya kiharusi huzuka. Chanzo kikuu cha kiharusi ni shinikizo la damu. Iwapo mgonjwa alikuwa na shinikizo la damu kabla ya kujiunga na hakulitaja kwenye fomu, kampuni inaweza kudai kwamba alificha ukweli na kukataa kulipa. Iwapo alilitaja, kampuni inaweza kukiingiza kiharusi chenyewe katika kikomo kidogo cha maradhi sugu.

Tatizo ni kwamba watu wengi hawajui kama wana ugonjwa huo. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa 2015 ulionyesha kwamba takribani mtu mmoja kati ya kila wanne wenye umri wa miaka 18 hadi 69 nchini alikuwa na shinikizo la juu la damu. Mtu hawezi kuficha asichokijua. Hoja hiyo ina uzito katika mzozo na kampuni ya bima, na huimarishwa na rekodi za zahanati zinazoonyesha ni lini shinikizo lilipimwa na kugunduliwa kwa mara ya kwanza.

Kisanduku cha tatu ni orodha ya mambo yasiyolipiwa kabisa. Mara nyingi humo hupatikana huduma ya muuguzi nyumbani, kiti cha magurudumu, kitanda cha mgonjwa, nepi za watu wazima na mlezi wa kulipwa. Hivyo ndivyo vitu ambavyo mgonjwa aliyepooza huvihitaji kila siku.

Pengo la miezi ya kupona

Baada ya kiharusi, ubongo huwa na uwezo wa kujipanga upya, na sehemu kubwa ya nafuu hupatikana katika miezi ya mwanzo. Mtaalamu wa fiziotherapia humrejeshea mgonjwa nguvu na usawa wa mwili. Mtaalamu wa tiba ya usemi humsaidia kuzungumza, na pia kumeza bila chakula kuingia kwenye mapafu. Yupo pia mtaalamu wa kumfundisha upya kazi ndogo ndogo za kila siku, kama vile kufunga kifungo, kushika kikombe na kuoga. Anayekosa mazoezi katika kipindi hicho huweza kubaki na mkono uliokunjamana na goti lililokazana.

Hesabu ndogo yaweza kuonyesha jinsi bima inavyokauka. Tuseme kikao kimoja cha fiziotherapia kinalipiwa Sh1,500, na daktari ameagiza vikao vitatu kwa wiki. Hizo ni Sh4,500 kwa wiki, na Sh54,000 kwa wiki 12. Iwapo kikomo cha mgonjwa wa nje ni Sh50,000 kwa mwaka, fedha zitakwisha kabla ya wiki hizo 12 kutimia, hata kama hakununua kidonge kimoja. Akiongeza dawa za shinikizo la damu, za kuzuia damu isigande na za kupunguza mafuta mwilini, huenda akamaliza kikomo katika mwezi wa pili. Miezi kumi iliyobaki ni ya mfuko wake.

Familia inayoijua hesabu hiyo mapema ina njia za kuinyoosha bima. Njia mojawapo ni kufanya mazoezi mengi iwezekanavyo wakati mgonjwa angali amelazwa, kwa kuwa hapo yanalipiwa na kikomo kikubwa. Daktari aombwe aanzishe tiba ya viungo wodini mara hali inaporuhusu, na aiandike kama sehemu ya matibabu.

Njia ya pili ni kumwomba mtaalamu amfundishe jamaa mmoja mazoezi ya kufanya nyumbani kila siku, kisha vikao vya kulipia vipunguzwe hadi kimoja kwa wiki cha kukagua maendeleo. Kwa mfano uliotolewa hapo juu, wiki 12 zingegharimu Sh18,000 badala ya Sh54,000. Hilo halifai kwa kila mgonjwa, na uamuzi ni wa mtaalamu, lakini ni swali la haki kuulizwa.

Njia ya tatu ni kuhamishia miadi ya shinikizo la damu kwa kituo cha afya kilicho karibu, ambako huduma za msingi hulipiwa na serikali kwa waliosajiliwa na SHA. Dawa zinapopatikana huko, kikomo cha bima ya kibinafsi huachiwa tiba ya viungo na ya usemi. Dawa zenyewe zisikatizwe kwa vyovyote vile. Aliyewahi kupatwa na kiharusi yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupatwa na kingine.

Kabla ya kuondoka hospitalini

Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani huwa na furaha na pilkapilka. Pia ndiyo siku bora zaidi ya kukusanya karatasi, kwa sababu madaktari wote waliomhudumia mgonjwa wako karibu.

Kwanza ni muhtasari wa matibabu uliotiwa sahihi na kupigwa muhuri, unaotaja aina ya kiharusi, tarehe na saa dalili zilipoanza, na udhaifu uliobaki. Pili ni picha za ubongo pamoja na ripoti zake. Tatu ni barua ya daktari inayoeleza kwa nini tiba ya viungo ni ya lazima, mara ngapi kwa wiki na kwa muda gani. Barua inayosema tu “mgonjwa aendelee na mazoezi” haina nguvu mbele ya kampuni ya bima. Nne ni bili iliyochanganuliwa, inayoonyesha kilicholipwa na SHA, kilicholipwa na kampuni na kilichobaki.

Mgonjwa asiyepewa karatasi hizi ana haki ya kuziomba hata baadaye. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa kila mtu haki ya kufikia habari zinazomhusu, na rekodi za matibabu ni miongoni mwazo.

Wapo ambao hukwama wodini kwa sababu ya salio. Mnamo 2015, Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuilia wagonjwa kwa ajili ya deni la hospitali ni kinyume cha sheria, katika kesi iliyowahusu wanawake wawili waliokuwa wamezuiliwa katika hospitali ya kujifungulia ya Pumwani. Deni linabaki kuwa deni, na hospitali inaweza kulidai kwa njia nyinginezo, lakini mwili wa mtu si dhamana. Afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali ndiye wa kuendewa ili mpango wa kulipa kidogo kidogo uandikwe.

Kazi ikipotea, bima nayo huenda

Mfanyakazi aliyepatwa na kiharusi hukabiliwa na hatari mbili kwa mpigo: mshahara kukatika na bima ya kazini kukatika nao. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa aliyefanya kazi kwa miezi miwili mfululizo angalau siku saba za likizo ya ugonjwa kwa malipo kamili, na siku saba zaidi kwa nusu mshahara, katika kila kipindi cha miezi 12. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Mikataba mingi ya waajiri na vyama vya wafanyakazi hutoa zaidi, kwa hivyo mkataba usomwe kabla ya barua yoyote kuandikwa.

Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 41, inamtaka mwajiri anayekusudia kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya kutojiweza kimwili amweleze sababu hizo katika lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, na asikilize utetezi wake. Mgonjwa asiyeweza kuzungumza vizuri asikubali kutia sahihi barua ya kujiuzulu kitandani. Mara anapojiuzulu, bima ya kampuni kwa kawaida hukoma, na bima nyingine atakayoitafuta itakihesabu kiharusi kuwa ugonjwa uliokuwapo kabla.

Makato ya SHA nayo hukoma pamoja na mshahara. Ni lazima familia ibadilishe usajili wake na kuanza kujilipia mchango wa mwaka, la sivyo jina litabaki bila malipo wakati ambapo hospitali inahitajika zaidi.

Fedha zinazosahaulika

Mbali na bima ya matibabu, kuna malipo ambayo familia nyingi hazikumbuki kuyatafuta.

Baadhi ya mikataba ya bima ya maisha ina kipengele cha maradhi mahututi. Hulipa kiasi fulani kwa mkupuo mara ugonjwa uliotajwa unapothibitishwa, na mwenyewe ana hiari ya kuzitumia fedha hizo kwa tiba ya viungo, mlezi au karo. Kwa kiharusi, masharti ya kawaida ni kwamba udhaifu uwe wa kudumu na mgonjwa awe ameishi kwa siku kadhaa, aghalabu 28 au 30, baada ya tukio. Kiharusi kidogo kinachopita ndani ya saa 24 kwa kawaida hakilipiwi.

Mikopo ya benki na ya vyama vya akiba na mikopo aghalabu huambatana na bima inayolipa salio la deni iwapo mkopaji atafariki au kupata ulemavu wa kudumu. Wapo wanaoendelea kukatwa mkopo uliopaswa kulipwa na bima, kwa kuwa hakuna aliyefungua faili na kusoma.

Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni (NSSF) ina malipo kwa mwanachama asiyeweza tena kufanya kazi kwa sababu ya ulemavu. Vilevile, mgonjwa aliyebaki na ulemavu wa kudumu anaweza kukaguliwa katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa na kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu (NCPWD), ambalo huweza kumsaidia kupata kiti cha magurudumu na vifaa vinginevyo. Akiwa bado ana kipato, anaweza kuomba Mamlaka ya Ushuru (KRA) imwondolee kodi ya mapato kwa Sh150,000 za kwanza za kila mwezi.

Dai likikataliwa

Neno “hapana” kutoka kwa kampuni ya bima si mwisho wa mambo. Hatua ya kwanza ni kuitaka kampuni iandike sababu zake na kutaja kifungu cha mkataba inachotegemea. Maneno ya simu hayawezi kukatiwa rufaa. Hatua ya pili ni kumwonyesha daktari barua hiyo ili aijibu kitaalamu, hasa inapodaiwa kwamba ugonjwa ulikuwapo kabla au kwamba tiba fulani haikuwa ya lazima. Hatua ya tatu ni kuwasilisha malalamishi rasmi kwa kampuni yenyewe, na isiporidhisha, kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima (IRA), ambayo ndiyo yenye jukumu la kulinda wenye bima.

Malalamishi dhidi ya SHA huanzia kwa afisa wake aliye hospitalini au ofisi yake katika kaunti. Uzembe au dhuluma katika idara yoyote ya serikali huweza pia kufikishwa kwa Tume ya Haki za Kiutawala, maarufu kama afisi ya Mpokea Malalamishi ya Umma. Katika hatua hizi zote, mwenye karatasi zilizopangwa kwa tarehe husikilizwa kuliko mwenye hasira.

Mazungumzo ya kufanywa leo

Mengi kati ya yaliyoelezwa hapa hayawezi kufanywa na mtu aliyepoteza usemi. Kama ni yeye peke yake aliyejua mkataba wa bima uko wapi, ni kampuni gani, au namba gani ya simu ilisajiliwa na SHA, jamaa zake watapapasa gizani. Familia yenye busara hukaa chini mara moja kwa mwaka, ikaziweka nakala za kadi, mikataba na vitambulisho mahali pamoja, na kukagua kama kila mzazi amesajiliwa na kulipiwa.

Mkutano kama huo hauchukui hata nusu siku, na ndani yake hamkosi nafasi ya kumpima baba na mama shinikizo la damu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa familia ya mgonjwa wa kiharusi, ukuta huo hujengwa kwa fedha za karo, za shamba na za akiba ya uzeeni, na ufa wenyewe mara nyingi ulikuwa mchango mmoja ambao haukulipwa au ukurasa mmoja wa mkataba ambao haukusomwa.